Kamera Ikifika Kijijini: Bodi ya Filamu, Halmashauri na Nafasi ya Mwananchi

Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata. Inachapishwa hapa kwa ajili ya wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Najua wapo walioacha viazi shambani na wapo waliofunga vibanda vyao ili kunisikiliza, kwa hiyo nitajitahidi maneno yangu yawe na thamani ya muda wenu.

Nimeombwa kuzungumzia watu wa kamera: wanaokuja kurekodi filamu katika maeneo yetu, na vijana wetu wenyewe ambao sasa wanaandika hadithi na kuzirekodi. Maswali yanayofika ofisini kwetu ni haya: Nani amewaruhusu? Wakija, sisi tunapata nini? Na wakiharibu, tumshike nani?

Nianze na kisa changu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa kupiga picha za ujenzi wa zahanati katika kijiji kimoja. Nilikuwa na kamera mkononi, kitambulisho shingoni, na haraka moyoni. Sikupita ofisi ya kijiji. Nilipomaliza kupiga picha za jengo, niliona watoto wakicheza chini ya miti ya miwati, nikainua kamera. Mama mmoja mzee akatoka nyumbani kwake, akasimama kati yangu na watoto, akaniuliza, "Mwanangu, barua yako iko wapi?" Nikamwonesha kitambulisho. Akakitazama, kisha akasema, "Hiki kinasema wewe ni nani. Mimi nimeuliza ni nani anayejua kwamba uko hapa."

Sikuwa na jibu. Nilirudi ofisi ya kijiji, nikasaini kitabu cha wageni, na Mwenyekiti akanisindikiza. Nimeyakumbuka maneno yale kila ninaposoma sheria na kanuni za filamu, kwa sababu kanuni zote hizo, ukizichambua, zinajaribu kujibu swali la mama yule. Kibali cha filamu hufanya kazi moja kubwa: kinahakikisha kwamba kamera inapofika mahali, yupo anayejua, na yupo atakayewajibika.

Bodi ya Filamu ni nini?

Nchi yetu ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976. Kwa sheria hiyo, filamu haitengenezwi nchini pasipo kibali, na haioneshwi hadharani kabla ya kukaguliwa. Chombo kinachosimamia kazi hiyo ni Bodi ya Filamu Tanzania, iliyo chini ya wizara yenye dhamana ya utamaduni na sanaa. Sheria inatambua pia bodi za filamu za mikoa na za wilaya. Hapa kwetu mlango wa kuingilia ni Afisa Utamaduni wa Halmashauri. Yeye ndiye anayemwongoza mwananchi mwenye wazo la filamu, na ndiye anayempokea mgeni aliyeletwa na Bodi.

Wengi wetu tumeijua Bodi kama mkaguzi anayesema filamu hii inafaa watoto na ile haifai. Kazi hiyo ipo, nayo ni ya lazima. Lakini kabla filamu haijafikia kukaguliwa, kuna kazi nyingine isiyoonekana: kuisaidia izaliwe salama. Mtayarishaji huwasilisha maombi pamoja na muswada wake, yaani hadithi iliyoandikwa. Anaeleza atarekodia wapi, kwa siku ngapi, na nani wamo katika kikosi chake. Akipata kibali, anatambulishwa mkoani. Mkoa unamtambulisha wilayani. Wilaya inaandika kwa kata. Na kata inamkabidhi kwa uongozi wa kijiji au mtaa. Barua ile inayoshuka ngazi kwa ngazi ndiyo jibu la mama yule.

Kwa kampuni za kigeni kuna masharti ya ziada. Wanahitaji vibali vya kuingia na kufanya kazi nchini. Aidha, marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yanazitaka kampuni za nje zinazotumia mandhari ya Tanzania kuwasilisha nakala za kazi walizorekodi, ili nchi nayo iweze kuzitumia kujitangaza.

Kwa nini barua ina uzito wa pekee kwetu

Ndugu wananchi, hapa Njombe swali la "nani anajua kwamba uko hapa" si la mzaha. Mwanzoni mwa mwaka 2019 mkoa wetu ulipita katika msiba wa mauaji ya watoto. Sina haja ya kuusimulia mbele yenu. Wazazi waliwasindikiza watoto shule, na kila uso mgeni ulitazamwa kwa hofu. Hofu ile ilikuwa na sababu, na haijafutika kabisa katika mioyo ya wazazi.

Hofu isiyokuwa na taarifa, hata hivyo, nayo huua. Mwaka 2016, huko Chamwino mkoani Dodoma, wafanyakazi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo waliuawa na wanakijiji waliodhani kuwa ni wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kwa kazi ya udongo. Hawakuwa na silaha, walikuwa na vifaa vya utafiti. Sasa fikirini kikosi cha filamu: watu thelathini wasiojulikana, magari yenye vioo vyeusi, taa kali usiku, jenereta zinazonguruma, na mwigizaji aliyepakwa rangi nyekundu mfano wa damu. Kikosi kama hicho kikiingia kijijini usiku bila kutangazwa, kinajihatarisha na kinawahatarisha wanakijiji.

Kwa hiyo ninapowasihi muulize barua, sisemi muwe wakali kwa wageni. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Barua humlinda mgeni dhidi ya hofu yetu, nasi hutulinda dhidi ya mgeni mwenye nia mbaya. Asiyekuwa na barua asiguswe wala kuzongwa. Aelekezwe ofisi ya kijiji au mtaa, na Mtendaji apigiwe simu. Huo ndio utaratibu, na hakuna mwingine.

Filamu moja, milango mingi

Wengine huuliza: kama mtayarishaji ana kibali cha Bodi, kwa nini azungushwe tena? Tuchukue mfano wa kubuni. Mtayarishaji anataka kurekodi hadithi ya kijana anayeshuka kwenye treni Makambako, anasafiri hadi Njombe mjini, anafanya kazi katika mashamba ya chai, na mwishoni anapanda Kitulo kumtafuta baba yake.

Hadithi ni moja, lakini milango ni mingi. Stesheni ya Makambako ni ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye urefu wa takribani kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Hakuna anayeweza kusimamisha watu relini bila ridhaa ya shirika na ratiba ya treni. Barabara kuu ikihitaji kufungwa hata kwa dakika kumi, Polisi na wakala wa barabara lazima wahusike, kwani malori ya Zambia na mabasi ya Songea hayasubiri mwongozaji aseme "tena". Mashamba ya chai yana wenyewe. Kitulo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, kwa hiyo mlango wake ni TANAPA. Na akitaka kurusha ndege nyuki ili aonyeshe milima kutoka juu, anahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Hapo ndipo msaada wa Bodi na wa Halmashauri unapoonekana. Mtayarishaji aliyetoka mbali hajui ofisi ipi ianze na ipi ifuate. Afisa Utamaduni anaweza kumwandalia mpangilio: barua hii kwanza, kikao na Mwenyekiti siku fulani, ukaguzi wa eneo siku fulani. Anaweza pia kumwambia mambo ambayo hayamo katika kanuni yoyote. Kwamba mwezi Juni na Julai baridi yetu huleta sakitu asubuhi, na mwigizaji aliyetoka Dar es Salaam na shati jepesi atatetemeka mbele ya kamera. Kwamba upepo wa Makambako utaingia katika vinasa sauti na kuharibu mazungumzo. Kwamba maua ya Kitulo huchanua msimu wa mvua, hasa kati ya Desemba na Aprili, na msimu huohuo ndio barabara za udongo zinapomeza magurudumu. Ushauri wa namna hiyo ukitolewa mapema humwokolea mtayarishaji siku na fedha, naye atarudi tena na kuwaambia wenzake.

Mnakumbuka pia filamu ya The Royal Tour, iliyorekodiwa mwaka 2021 na kuzinduliwa New York mwezi Aprili 2022, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan alimwongoza mtangazaji Peter Greenberg kutembelea vivutio vya nchi. Kazi kama ile hupita katika hifadhi, miji na fukwe nyingi kwa muda mfupi, kwa sababu taasisi zote zimepangwa kwa pamoja kabla kamera haijawashwa. Filamu ndogo ya kijana wa Njombe haitapata msafara wa namna ile. Lakini inastahili kanuni ileile: milango ifunguliwe kwa mpangilio, na afisa mmoja ajue yote.

Faida iko wapi?

Nitasema ukweli: filamu si mgodi. Kikosi kinaweza kukaa siku tano na kuondoka. Katika siku hizo watalala katika nyumba zetu za wageni, na ushuru wa nyumba hizo ni mapato ya Halmashauri. Watakula kwa mama lishe. Watakodi magari, bodaboda na jenereta. Watahitaji fundi seremala wa kujenga mandhari, fundi cherehani wa kushona mavazi, walinzi wa vifaa usiku, na wakazi wa kupita nyuma ya waigizaji wakuu kama watu wa sokoni. Fedha hizo ni kidogo kwa mtu mmoja mmoja, lakini zinaingia mifukoni mwa watu wengi.

Faida ya pili huchelewa na hudumu zaidi: jina la mahali. Mwaka 1962 ulimwengu uliona filamu ya Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kuigizwa na John Wayne. Sehemu kubwa ilirekodiwa Tanganyika, upande wa Arusha. Mmoja wa waigizaji wake, Hardy Krüger, alipapenda Momella kiasi cha kununua shamba huko, na hadi leo jina la filamu ile linaishi katika nyumba ya wageni ya eneo hilo.

Mfano mwingine uko mbali na Afrika, lakini mkulima wa Njombe ataulewa. Karibu na mji wa Matamata, New Zealand, kulikuwa na shamba la kondoo lenye vilima vya kijani. Mwaka 1998 watafutaji wa maeneo ya filamu ya The Lord of the Rings waliliona kutoka angani. Jeshi la nchi hiyo lilisaidia kutengeneza barabara ya kuingia, na vijumba vya hadithi vikajengwa vilimani. Filamu ilipokwisha, watu walianza kuja kutazama mahali penyewe. Wenye shamba hawakuuza kondoo wote wakawa waigizaji. Waliendelea kufuga, na utalii ukawa zao la pili. Nasi tuna vilima, mashamba ya chai, misitu ya misindano, na maporomoko ya Luhuji yaliyo mjini kabisa. Tuna Ziwa Nyasa kule Ludewa, ambako milima ya Livingstone inashuka hadi majini. Lakini uzuri peke yake hauleti fedha. Fedha huletwa na mapatano yaliyoandikwa kabla ya kazi kuanza.

Na wala si lazima tusubiri wageni wakubwa. Wilaya ya Pangani mkoani Tanga si kubwa kuliko sisi. Huko asasi ya UZIKWASA ilitengeneza filamu zinazozungumzia maisha ya wenyeji wenyewe, mojawapo ikiwa Aisha ya mwaka 2015, inayogusa ukatili dhidi ya wanawake. Filamu kama hizo hupeleka mjadala mahali ambapo hotuba kama hii yangu haiwezi kufika.

Haki zenu, na maswali ya kuuliza

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Zaidi ya miaka themanini iliyopita, kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza waliendesha mradi wa filamu za mafunzo huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Wenyeji waliigiza, na filamu zikazungushwa kwa lori katika nchi za Afrika Mashariki na Kati. Wenyeji walikuwa ndani ya picha, lakini hadithi, kamera na uamuzi vilikuwa mikononi mwa wengine. Ni jukumu letu kuhakikisha hali hiyo hairudi kwa sura mpya. Mwananchi awe na sauti juu ya ardhi yake, sura yake na hadithi yake.

Kwa hiyo, kikosi kikifika, ulizeni mambo haya.

Kwanza, barua. Ioneshwe na isomwe, na nakala ibaki ofisi ya kijiji au mtaa. Jina la anayewajibika liandikwe, pamoja na tarehe ya kuanza na ya kumaliza.

Pili, mapatano. Anayetumia shamba, nyumba au duka lako aandikiane nawe: siku ngapi, malipo kiasi gani, yatalipwa lini, na kitu kikiharibika nani atafidia. Mzee mmoja aliwahi kuja ofisini kwetu akiwa amefunga mche wa kiazi katika gazeti. Vijana wa filamu walikuwa wamemwomba wapite shambani kwake "dakika mbili tu". Walikaa mchana kutwa, wakakanyaga matuta kumi na saba. Aliyahesabu. Hakuwa na karatasi wala jina la mtu, na hatukuweza kumsaidia zaidi ya kumpa pole. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, mali ya wote. Kama eneo ni la kijiji, mazungumzo yafanywe na Halmashauri ya Kijiji, si na mtu mmoja pembeni. Malipo yaingie katika akaunti ya kijiji, yatolewe stakabadhi, na yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji pamoja na mapato na matumizi mengine. Mwananchi ana haki ya kusimama na kuuliza, "Fedha za filamu ziko wapi?" Swali hilo si utovu wa nidhamu.

Nne, watoto. Mtoto asirekodiwe bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi ya kumdhuru, na inakataza kazi za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kuigiza kwa malipo ni kazi. Mzazi awepo, masomo yasikatizwe, na tukio la kumwaibisha mtoto likataliwe hata kama pesa ni nzuri.

Tano, mahali pa heshima. Tuna makaburi, makanisa, misikiti, na misitu ya kimila kama Nyumbanitu. Kibali cha Serikali hakiondoi wajibu wa kuwaona wazee. Wazee wakisema hapa kamera haiingii, mtayarishaji mwenye busara hutafuta msitu mwingine. Nasi ofisini tutasimama pamoja na wazee.

Sita, sura na simulizi. Ukiombwa kusimulia historia ya ukoo au ngano uliyopewa na bibi yako, uliza itatumikaje na jina lako litatajwa wapi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za wabunifu na haki za waigizaji, na inazitambua pia sanaa za jadi.

Kwa vijana wetu wanaotengeneza filamu

Naomba sasa niseme na wanangu na wadogo zangu mlioketi pale nyuma. Najua mnavyoiona Bodi. Mnasema ni ada, ni foleni, ni mtu wa kukata hadithi zenu. Malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Ofisi ya umma inayomzungusha kijana wiki tatu kwa barua ya ukurasa mmoja inamfundisha kukwepa sheria. Nasi watumishi tunapaswa kusikia hilo kabla ya kuwalaumu.

Lakini tazameni upande wa pili. Filamu iliyorekodiwa kwa kujificha haiwezi kuingia kwenye televisheni, ukumbini wala kwenye tuzo. Haina pa kusimama ikiibiwa. Kijana aliyepita njia halali anaweza kusajili kazi yake Ofisi ya Hakimiliki, anaweza kuomba mkopo katika Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na anaweza kuingiza filamu yake katika Tamasha la Filamu Tanzania. Tamasha hilo mwezi Desemba 2021 lilitoa tuzo zake jijini Mbeya, majirani zetu kabisa. Anayetaka kusomea kazi hii, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo ipo.

Anzeni na Afisa Utamaduni, mkiwa na kurasa chache tu: hadithi ni ipi, mtarekodia wapi, siku ngapi, na nani wamo. Mkikwama, njooni Kitengo cha Mawasiliano. Tutawasaidia kuandika barua, na ikibidi tutawasindikiza hadi kwa Mwenyekiti wa Kijiji.

Na hadithi msizitafute mbali. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, misheni ya Yakobi ilishambuliwa, na wajukuu wa walioshuhudia bado wako miongoni mwetu. Kuna hadithi ya wajenzi wa reli waliopita Makambako, ya familia zilizohamia kwenye mashamba ya miwati, na ya mwanamke anayeamka saa kumi alfajiri katika baridi ili parachichi zake ziwahi gari. Mambo hayo yakisimuliwa na mtu wa hapa, yatakuwa na ladha ambayo mgeni hawezi kuinunua.

Hitimisho

Ndugu wananchi, nilianza na mama aliyesimama kati ya kamera yangu na watoto. Mwaka uliofuata nilirudi kijijini kwake, zahanati ilipofunguliwa. Safari ile nilipita ofisi ya kijiji kwanza, nikafika kwake nikiwa na Mwenyekiti. Alinikaribisha ugali na mboga, kisha akakaa vizuri kwenye kigoda, akaweka kitenge chake sawa, akasema, "Sasa piga."

Picha ile ilichapishwa katika jarida hili, kwa ridhaa yake. Alikuwa mtu yuleyule na kamera ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba safari ya pili palikuwa na aliyejua, na yeye mwenyewe alikuwa amekubali. Bodi ya Filamu na Halmashauri zinapofanya kazi zao vizuri, huo ndio msaada mkubwa zinaoweza kuutoa kwa filamu yoyote inayorekodiwa hapa: kumfikisha mwenye kamera mlangoni pa mwananchi kwa heshima, ili mwananchi naye aweze kusema ndiyo au hapana akiwa anajua anachokubali.

Maswali yenu nayasubiri hapa, na baada ya leo milango ya ofisi zetu iko wazi siku zote za kazi. Afisa Utamaduni yuko katika jengo la Halmashauri. Mtendaji wa Kata yuko hapahapa.